Uzi: Wanafunzi wa Iowa, orodha ya majina, na urais unaoanzia mlangoni kwa mtu

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kuna hadithi imerudiwa mpaka imekuwa kama aya: kwamba mwaka 2008 vijana wa vyuo walimpa Barack Obama urais kwa Facebook. Nimeisikia semina, nimeisikia redioni, juzi nimeisikia kwenye kikao cha harusi. Kila nikiisikia nakumbuka vidole vyangu vilivyokufa ganzi nikijaribu kuandika jina la mtu nimesimama kwenye kibaraza chake, nyuzi joto ziko chini ya sifuri, kalamu imegoma kutoa wino kwa baridi. Facebook haikuwepo pale kibarazani.

Nilikuwa nasoma chuo kidogo jimbo la Iowa, katikati ya Marekani, mahindi mpaka macho yanachoka. Iowa ndilo lililokuwa jimbo la kwanza kwenye mchujo wa wagombea urais. Nilijitolea kwenye kampeni ya Obama kuanzia Septemba 2007 mpaka usiku wa mchujo wenyewe, Januari 3, 2008. Nilikuwa mtu mdogo sana pale, wa kubeba makaratasi na kupiga simu. Lakini mbeba makaratasi huona mengi.

Nitakwenda vipande vipande. Anayetaka kuuliza aulize, anayetaka kubisha abishe.

Nyakanga

Nimekaa mkao wa kula. Shusha nondo.

Mchokonozi

Kabla hujashusha: wewe mgeni, una viza ya masomo, unafanyaje kampeni ya urais nchi ya watu? Hiyo si jinai?

Kibatari

Mkuu, hilo nililiuliza siku ya kwanza kabisa, maana niliogopa kurudishwa nyumbani kabla ya mtihani. Sheria yao inamkataza mgeni kuchangia mgombea hata dola 1, isipokuwa awe na kibali cha ukaazi wa kudumu. Pia hutakiwi kukaa kwenye vikao vya kuamua fedha au mikakati. Ila kujitolea bila malipo unaruhusiwa: kubisha hodi, kupiga simu, kubandika bahasha. Hata fulana ya kampeni sikuweza kununua, kwa sababu ile fedha ya fulana inahesabika kuwa mchango. Basi nikafanya kampeni miezi minne na sweta langu la kijani.

Na kwamba sikuwa na kura, ukiangalia historia, sikuwa wa kwanza. Hapo ndipo nianzie.

Kibatari

Mwaka 1968. Vita vya Vietnam vimepamba moto, Rais Lyndon Johnson anategemewa kugombea tena, na ndani ya chama chake cha Democratic hakuna mkubwa anayetaka kumkabili. Mwanaharakati mmoja, Allard Lowenstein, alizunguka akitafuta wa kumvisha kengele huyo paka. Robert Kennedy alikataa mwanzoni. Aliyekubali ni seneta wa Minnesota, Eugene McCarthy, mtu mpole, mpenda mashairi, asiye na fedha wala mtandao. Alitangaza nia Novemba 30, 1967.

Waliomjengea mtandao ni wanafunzi. Maelfu walimiminika New Hampshire, wengine kwa mabasi ya mwisho wa wiki, wakalala sakafuni kwenye makanisa na sebule za watu. Zingatia hili: miaka ile umri wa kupiga kura ulikuwa 21 karibu majimbo yote. Kijana wa miaka 19 alikuwa anaweza kupelekwa vitani, lakini hawezi kumchagua wala kumkataa anayempeleka. Wengi wa waliokuwa wakibisha hodi New Hampshire hawakuwa na kura, si pale tu bali popote.

Jambo la pili ni ndevu. New Hampshire ni watu wa miji midogo, wahafidhina. Kampeni ikajua kwamba kijana mwenye nywele za mabegani akibisha hodi, mlango unafungwa kabla hajafungua mdomo. Kukaja msemo, kwa tafsiri yangu, "safi kwa ajili ya Gene", yaani Eugene McCarthy. Wavulana wakanyoa, wasichana wakavaa sketi ndefu. Waliogoma kunyoa hawakufukuzwa, walipewa kazi za chumba cha ndani: kulamba bahasha, kupanga kadi.

Machi 12, McCarthy akapata asilimia 42 na Johnson 49. Jina la Johnson hata halikuwa kwenye karatasi, wafuasi wake waliliandika kwa mkono. Kihesabu Johnson alishinda. Kisiasa alikuwa amekwisha: rais aliye madarakani anakabwa koo na seneta asiyejulikana! Siku nne baadaye Robert Kennedy akaingia kwenye kinyang'anyiro, na Machi 31 Johnson akasimama kwenye televisheni na kusema hagombei tena.

Mwanahewa

Kunyoa ndevu ili upendwe na wapiga kura ni unafiki tu, kaka. Kama msimamo wako ni sahihi, usimame nao na ndevu zako.

Kibatari

Mwanahewa, nikuulize: ukienda kuposa unavaa nini?

Natania. Lakini kuna kitu kikubwa kuliko ndevu. Watafiti walipowahoji wapiga kura wa McCarthy baadaye, waligundua kuwa waliotaka vita vipiganwe kwa nguvu zaidi walikuwa wengi kuliko waliotaka viishe! Walikuwa wamemchoka Johnson kwa sababu zao. Wale wanafunzi walikuwa wanapinga vita kwa roho yote, na walipofika mlangoni walikutana na watu wa namna hiyo na kuondoka na kura zao. Hebu fikiria kama kila mmoja angefika na hotuba ya saa nzima kuhusu Vietnam. Wangeshinda mabishano na kupoteza jimbo.

Binti Sayari

Naongeza hapo. McCarthy hakupata uteuzi. Kennedy akauawa Juni mwaka huohuo Los Angeles. Mkutano mkuu wa Agosti kule Chicago ukamteua Hubert Humphrey, makamu wa Johnson, ambaye hakushindana kwenye kura ya mchujo hata moja, huku polisi wakiwapiga vijana barabarani. Na Novemba akashinda Nixon wa Republican. Sasa kaka Kibatari, hao wanafunzi walivuna nini?

Kibatari

Dada, hilo swali lako ndilo daraja lenyewe.

Aibu ya Chicago ililazimisha chama kubadili kanuni. Iliundwa tume, ikaongozwa na George McGovern na baadaye Donald Fraser. Kanuni mpya ziliwanyima wazee wa chama ule uwezo wa kuteua mtu wakiwa wamejifungia chumbani. Wajumbe wa kumteua mgombea wapatikane kwa njia ya wazi, wanachama watangaziwe mapema. Iowa wana ngazi nyingi za mikutano, kuanzia mtaani mpaka jimboni, kwa hiyo ili watimize masharti ya muda wa matangazo ikabidi waanze mapema sana. Ndivyo walivyojikuta wa kwanza mwaka 1972. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba Iowa iwe mlango wa Ikulu, ilitokea tu kwa sababu ya kalenda. Na umri wa kura ukashushwa mpaka 18 kwa marekebisho ya 26 ya Katiba, mwaka 1971.

Kwa hiyo mwaka 2007 mimi nikitetemeka kwenye kibaraza cha Iowa, jukwaa nililosimama limejengwa na wanafunzi walioshindwa Chicago kabla sijazaliwa.

Mchokonozi

Hapo umenipata. Twende Iowa sasa.

Kibatari

Subiri kidogo, tupite kwanza 2004, maana bila huyu bwana huwezi kuielewa 2008.

Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont. Alipinga vita vya Iraki, vijana wakampenda, akakusanya fedha kwa intaneti kwa kiwango ambacho wakati ule kilishangaza watu. Wiki za mwisho kabla ya Iowa, kampeni yake ikaleta wajitoleaji wapatao 3,500 kutoka kila pembe ya Marekani. Wakavishwa kofia za sufi za rangi ya chungwa ili waonekane. Na wakaonekana kweli! Kila kona kofia.

Dean akawa wa tatu. Asilimia 18, nyuma ya John Kerry na John Edwards.

Wenyeji niliowakuta 2007 walikuwa bado wanazisimulia zile kofia. Mzee mmoja alinieleza hivi: jioni moja walimbishia hodi mara tatu, kila mara mtu mpya, kila mara wa jimbo jingine, wote wanamweleza yeye, mkulima wa Iowa, kwa nini anatakiwa kupiga kura Iowa. Hakuwa na tatizo na Dean. Alichoka kufundishwa mtaani kwake na watu wasiojua njia ya kufika posta.

Nyakanga

Hahaha, wapambe wa kukodi. Hata sisi tunawajua.

Kibatari

Tofauti ni kwamba hawa hawakukodiwa, walijilipia nauli kwa mapenzi yao. Ndiyo maana inauma zaidi.

Haya, Iowa 2007. Ukweli kuhusu Facebook kwanza: ilikuwepo na ilifanya kazi. Kundi la "Wanafunzi kwa ajili ya Obama" lilianzishwa huko mwaka 2006 na mwanafunzi wa Bowdoin College, jimbo la Maine, wakati Obama mwenyewe hajatangaza lolote. Februari 2, 2007 wanafunzi waliandaa mkutano pale George Mason University, Virginia, wakaja maelfu, wiki moja kabla hajatangaza rasmi nia kule Springfield, Illinois. Baadaye kampeni ikalichukua kundi likawa tawi lake. Sidharau hata kidogo. Mtandao uliwakutanisha watu na kuwapa moyo.

Lakini ikafika Oktoba 2007 na kura za maoni za nchi nzima zinaonyesha Hillary Clinton anaongoza kwa pointi zaidi ya 20. Vijana wamejaa kwenye mitandao na mikutano, ila mgombea wao yuko chini. Pale ofisini kwetu ukutani kulibandikwa maneno matatu: Heshimu, Wezesha, Shirikisha. Hakuna aliyezungumzia Facebook. Tulizungumzia orodha.

Kibatari

Orodha ni hivi. Unapewa karatasi zenye majina, umri, anwani, na kama mtu aliwahi kuhudhuria mchujo huko nyuma. Ukizungumza naye unampa namba. 1 ni wetu kabisa. 2 anaelekea kwetu. 3 hajaamua. 4 anaelekea kwingine. 5 ni wa mgombea mwingine, mwache apumzike. Aliye 1 unamwomba asaini kadi ya ahadi. Saa 3 usiku simu zinafungwa, mnakaa kuhesabu: leo milango mingapi, mazungumzo mangapi, kadi ngapi. Mratibu wetu, binti wa miaka 23, alikuwa hataki kusikia "watu wamefurahi sana". Alikuwa anauliza: "Wangapi, na majina yao?"

Kosa langu la kwanza nilifanya mlango wa nne. Sifichi, nilijiunga kwa sababu baba yake Obama ni wa Kenya, nikaona huyu ni wa kwetu. Akafungua bwana mmoja mwenye ovaroli. Nikamwaga maneno: Afrika Mashariki, historia, mtoto wa mhamiaji. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza mgombea wangu ana msimamo gani kuhusu ethanoli, nishati ya magari inayotengenezwa kwa mahindi. Mahindi yake yote yanakwenda kiwandani kutengeneza ethanoli. Sikujua hata inaandikwaje! Nikamwandika 3, nikaondoka masikio yanawaka.

Binti mratibu hakunigombeza. Alinipeleka kwenye mafunzo. Walikuwa wanatumia mbinu za Marshall Ganz, mwalimu wa Harvard ambaye zamani alifanya kazi na Cesar Chavez kuwaunganisha vibarua wa mashamba California. Ukibisha hodi, unaeleza kwa kifupi kwa nini wewe umetoka nje kwenye baridi hii, halafu unanyamaza, unauliza yeye linamsumbua nini. Kunyamaza ndiko kulikonishinda. Kwa wiki mbili za mwanzo nilikuwa nahesabu kimoyomoyo mpaka kumi ili nisimkatize mtu.

Mwanahewa

Sasa umenigusa. Nimefanya kampeni za serikali ya wanafunzi na sijawahi kunyamaza hata mara moja.

Kibatari

Na ulishinda?

Mwanahewa

Tuendelee na mada.

Kibatari

😂 Sawa. Sasa kipande ambacho naona watu wengi hawakijui, na ndicho kilichonifanya nianzishe uzi.

Mchujo wa Iowa wa chama cha Democratic haukuwa kura ya siri. Wenyewe wanauita kokasi. Enzi hizo, saa 1 usiku watu wa mtaa walikuwa wanakutana kwenye ukumbi, shule au kanisa, kila kundi linasimama kona yake, mnahesabiwa vichwa. Vituo vilikuwa 1,781 jimbo zima. Kundi lisilofika asilimia 15 ya waliopo lilihesabika halifai, watu wake walipewa muda wahamie kona nyingine au waende nyumbani. Wakiwepo watu 120, unahitaji 18. Mkiwa 17 mmekwisha, labda mkamshawishi mmoja.

Hii ina maana mbili. Kwanza, chaguo la pili la mtu ni mali. Mtu wa mgombea mdogo kama Joe Biden au Bill Richardson humtukani wala humpuuzi, unamuuliza kwa upole: ikitokea kundi lenu halitoshi, utakwenda wapi? Karatasi zetu zilikuwa na nafasi ya kuandika jibu hilo.

Pili, na hapa nahitaji mnisikilize. Idadi ya wajumbe wa kila kituo ilikuwa inapangwa mapema kulingana na kura za chama kwenye chaguzi zilizopita. Kituo cha kampasi kama kimepangiwa wajumbe sita, basi ni sita, waje watu 100 au waje 900. Ukijaza wanafunzi 900 wote wa Obama kwenye kituo kimoja, umepata sita. Wale mia nane wa ziada wamepiga kelele tu.

Sasa mwaka ule mchujo ulisogezwa mpaka Januari 3. Vyuo vimefungwa kwa likizo ya Krismasi, mabweni yana kufuli. Wachambuzi wakasema vijana wa Obama wamekwisha, hawatakuwepo. Binti wetu aliposikia tarehe hakuhuzunika, akachukua ramani ya jimbo na kuitundika. Iowa ina kaunti 99. Mwanafunzi wa Iowa anayesoma mjini akirudi kwa wazazi wake, anarudi kwenye kituo kidogo chenye watu labda arobaini, ambako yeye na binamu zake wawili wanaweza kuvusha kundi kwenye ile asilimia 15. Ni yuleyule mmoja, lakini uzito wake kijijini ni mara nyingi ya uzito wake kampasini.

Kazi yetu ya Novemba na Desemba ikawa hiyo: kumkamata kila mwanafunzi, kumuuliza nyumbani kwenu wapi, kumpa anwani ya ukumbi wa kwao na majina ya majirani zake ambao hawajaamua.

Binti Sayari

Na wanafunzi waliotoka majimbo mengine? Nakumbuka kulikuwa na ugomvi.

Kibatari

Ulikuwepo, tena mkali. Kampeni ilichapisha vipeperushi kuwaeleza wanafunzi wa nje wanaosoma Iowa kwamba wanaweza kurudi na kushiriki kwenye mtaa wa chuo chao. Upande wa Clinton wakaja juu, naye mwenyewe akasema jambo hili ni la watu wa Iowa, wanaoishi na kulipa kodi pale. Kisheria wanafunzi walikuwa na haki. Mahakama ya Juu ya Marekani iliunga mkono mwaka 1979, kwenye kesi iliyotokana na Prairie View A&M huko Texas, chuo cha kihistoria cha Weusi, kwamba mwanafunzi hawezi kuwekewa vikwazo vya pekee kujiandikisha anakosoma. Lakini kisiasa, zile kofia za chungwa zilikuwa bado kichwani mwa watu. Mimi binafsi nadhani kipeperushi kile kilitupa maadui bure. Nguvu yetu ilikuwa kwa waliorudi kwao.

Kuna na kundi jingine: wa sekondari. Kanuni iliruhusu mwenye miaka 17 kushiriki mchujo kama atatimiza 18 kabla ya Novemba. Kampeni nyingine ziliwaona watoto. Yetu iliwaundia mpango wao kabisa.

Kibatari

Usiku wenyewe.

Chuo changu kilifunga, nikalazwa kwa familia ya wafuasi kwenye mji mdogo. Kwenye orodha yangu kulikuwa na bibi mmoja wa miaka zaidi ya sabini, mjane, mtu wa Biden. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alinifungulia mlango nusu. Ya pili alinikaribisha ndani nipashe moto mikono, glavu zangu akaziweka juu ya kipasha joto. Ya tatu tulikaa karibu saa nzima, akanionyesha picha za mumewe akiwa jeshini Korea. Chaguo la pili? "Nitaona." Nikamwandika 3, nikaweka alama ya mshangao.

Januari 3 tulikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Mimi kama mtazamaji, pembeni, kwenye benchi la watoto, magoti yamenifika kidevuni. Foleni ya kujiandikisha ilitoka nje mpaka kwenye theluji. Fomu ziliisha, mtu akakimbia kutoa nakala. Jimbo zima walikuja watu wapatao 239,000 upande wa Democratic, karibu maradufu ya 2004, na ukumbi wetu ulikuwa na sehemu yake.

Hesabu ya kwanza: kundi la Biden walikuwa saba tu. Hawafiki. Mwenyekiti akatangaza muda wa kuhama. Watu wa Clinton wakamfuata bibi, watu wa Edwards wakamfuata. Nami niko benchini, siruhusiwi kusema neno, nimeng'ata midomo. Bibi akabaki amesimama katikati ya uwanja wa mpira wa kikapu na mkoba wake kifuani.

Ndipo akatokea kijana mmoja wa kundi letu, miaka 17, mrefu, mwembamba, bado ana chunusi. Hakumfuata na kipeperushi. Alimbebea kiti. Akasema kitu sikukisikia. Bibi akacheka, akamshika mkono, wakavuka uwanja kuja kona yetu.

Baadaye nikamuuliza bibi, kwa unyonge kidogo, nimekuja kwako mara tatu, kijana amekwambia nini? Akajibu kwamba kijana yule ndiye anayemfagilia theluji mlangoni tangu mumewe afariki, na hajawahi kumwomba kitu. Leo amemwomba.

Nyakanga

Aisee.

Mchokonozi

Miezi minne umepasuka midomo kwa baridi, kura imechukuliwa na fagio.

Kibatari

Koleo, mkuu. Theluji ya Iowa hufagii. Lakini ndiyo.

Matokeo mnayajua: Obama karibu 38, Edwards na Clinton wote karibu 30, Edwards mbele kwa nywele. Kwa waliohojiwa milangoni, vijana chini ya miaka 30 walikuwa kiasi cha mmoja kati ya watano waliohudhuria, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa Obama. Biden alijitoa usiku uleule akiwa hajafika asilimia 1. Nani angejua.

Kaskazi

Nimesoma kimya, naingia kidogo. Mnasimulia kama jambo hili ni la Democratic peke yao. Vijana wa upande wa pili walitangulia. Septemba 1960 walikusanyika Sharon, Connecticut, nyumbani kwa mwandishi wa kihafidhina William Buckley, wakaanzisha Young Americans for Freedom, umoja wa vijana wahafidhina. Miaka minne baadaye wakamsukuma Barry Goldwater mpaka akapata uteuzi wa Republican. Akachapwa, majimbo sita tu. Ila hao vijana hawakutawanyika. Walibaki na majina, na anwani, na ujuzi wa vikao. Mwaka 1980 wakamwingiza Ronald Reagan Ikulu, wakiwa sasa watu wazima wenye vitambi.

Kibatari

Kaskazi, nakubali, na hapo ndipo wetu walipozidiwa. Baada ya Novemba 2008 ile orodha yetu ilikwenda makao makuu, na sisi tukaenda kufanya mitihani. Ofisi ilirudishwa kwa mwenye nyumba, akaweka duka la mazulia. Binti mratibu alipata kazi Washington. Hakuna aliyerudi kwa yule bwana wa ovaroli kumwambia ethanoli imefikia wapi. Ukiniuliza kosa kubwa ni lipi, nitasema hilo.

Binti Sayari

Na 2016? Vijana wa Bernie Sanders, aliyeshindana na Clinton, nao walikuwa wengi.

Kibatari

Kati ya vijana alimzidi Clinton mbali sana, kweli. Iowa akapoteza kwa robo ya pointi, 49.8 kwa 49.6. Sikuwepo, sitaki kujifanya mjuzi. Ila niliposikia tofauti ile, jambo la kwanza nililofikiria ni ile ramani ya binti ukutani: wangapi walihesabiwa kwenye vituo vya kampasi, na wangapi kwao.

Mwanahewa

Kaka, nafuta kauli yangu ya ndevu. Nusu.

Nyakanga

Sasa malizia. Bibi na kijana waliishia wapi?

Kibatari

Bibi nilimwona mara moja tena, Machi, nilipofuata glavu nilizozisahau kwenye kipasha joto chake. Alikuwa amezishona kidole kilichotoboka.

Kijana alitimiza miaka 18 Oktoba. Novemba 4 alinipitia na gari la baba yake, tukaenda wote kituoni. Mimi nikabaki nje. Alikawia mpaka nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Alipotoka ana kile kibandiko kifuani, nikamuuliza kulikoni, rais si ni alama moja tu? Akasema upande wa pili wa karatasi kulikuwa na majina ya majaji, anaulizwa wabaki au waondoke, naye hawajui hata mmoja, akaona aibu kuwapigia tu hivihivi.